Buli la Utah

Kwenye warsha za kompyuta nilizohudhuria Dar es Salaam, asubuhi tuliandika kurasa za wavuti kwa HTML, lugha aliyoibuni Tim Berners-Lee pale kwenye kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Hayo yalipita haraka. Mchana tulichonga maumbo ya vipimo vitatu, na huko ndiko nilikokutana na buli.

Buli lenyewe ni la kweli. Mwaka 1975 Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alitafuta umbo la kujaribia programu zake. Mkewe, Sandra, akampendekezea buli lao la chai. Newell akalichora kwenye karatasi ya grafu, kisha akaziingiza nukta zake kwenye kompyuta. Mdomo, mkono, tundu la mkono, tumbo linaloangukiwa na kivuli chake lenyewe: mpira usingempa mtihani mgumu hivyo. Kitako hakukiweka (na nani huchungulia chini ya buli?).

Wenzangu walikimbilia kuunda magari. Mimi nilibaki nikiligeuzageuza kwenye mwanga. Lile halisi limehifadhiwa kwenye makumbusho ya kompyuta, Mountain View, California; na katika programu ya 3ds Max, buli limo kati ya maumbo ya msingi, pamoja na mchemraba na pia.