Milimita 67

Leo nataka tuzungumzie historia ya ukurasa wa intaneti, na nitaanzia kwenye reli. Msishangae. Mtu wa Mbeya ukimwuliza habari za mawasiliano, lazima ataitaja TAZARA tu.

Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1970, na mwaka 1975 vyuma vilikuwa vimefika Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Upana wake ni milimita 1,067, ili mabehewa yake yaoane na reli za Zambia na za kusini zaidi. Reli ya Kati ya zamani, ile waliyoianza Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata urefu wa kidole. Lakini kwa hizo milimita 67 behewa la Tabora haliji Mbeya ng'o! Ndiyo maana mwaka 1998 kikawekwa kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la huku kwenda behewa la kule. Jasho lote hilo, kisa ni vipimo.

Wakati vyuma vinatandikwa kwetu, mwaka 1974, serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini. Kwa hiyo hadithi ya ukurasa ilianzia mbali nasi. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Uswisi, alipendekeza namna ya kuunganisha maandishi yaliyo kwenye kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 ukurasa wake ulikuwa wazi kwa watu wa nje, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba yeyote aitumie kazi hiyo bure, bila kumwomba mtu ruhusa.

HTML, lugha ya kurasa hizo, si uchawi. Ni alama tu za kuyapa maneno vyeo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Mwandishi hakulazimika kusema karatasi ina upana gani. Kazi ya kuyapanga maneno ilikuwa ya kivinjari, kila mashine kwa kadiri ya kioo chake. Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe, vijana.

Kisha wakaja wafanyabiashara. Netscape ilitoka mwaka 1994, Internet Explorer ya Microsoft ikafuata mwaka 1995, na vita ikaanza. Netscape ikabuni alama ya kufanya maneno yawakewake. Kwa Microsoft hayawaki. Microsoft nayo ikabuni alama ya kuyatembeza maneno kama mkanda; kwa Netscape yametulia tuli. Kurasa zikaanza kubandika matangazo, eti ukurasa huu utazamwe kwa kivinjari fulani tu. Si ndiyo Kidatu ile ile? Kila bwana na upana wake, na msomaji ndiye anayebeba mzigo.

Waliotafuta kipimo kimoja walikuwepo. Berners-Lee alianzisha W3C mwaka 1994, na mwaka huohuo Håkon Wium Lie wa Norway akapendekeza CSS, ambayo W3C iliipitisha mwaka 1996. Wazo lake ni jepesi: maneno yakae faili lake, mapambo yakae faili lake. Kivinjari kikishindwa mapambo, maneno yanabaki salama.

Kwetu anwani ya .tz ilikabidhiwa nchi mwaka 1995, lakini mpaka mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mimi nilijifunza HTML katika intaneti kafe moja ya Mwanjelwa, nikilipia kwa saa. Kwa hiyo msimbo niliuandika kwanza nyumbani kwenye daftari, kwa kalamu, halafu naenda kuuchapa kwenye Notepad. Kuandika kwa mkono kweli kweli! Na kwa kuwa mashine moja ilikuwa na Explorer na ya jirani ina Firefox, ukurasa uliokaa vizuri hapa, pale menyu imedondokea chini ya picha.

Simu nazo zikaja na vipimo vyao. Mwaka 2006 Opera Mini ya Norway ilifunguliwa kwa dunia nzima. Yenyewe iliupeleka ukurasa kwanza kwenye seva zake, ikaubana, ndipo ikaushusha kwenye simu ndogo. Wengi wetu tuliiona intaneti kwa mlango huo. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte akaeleza ukurasa unaojinyoosha na kujikunja: safu zipimwe kwa asilimia, picha zisizidi upana wa kioo, na CSS iulize kioo kina ukubwa gani kabla ya kupanga. Kwa maneno mengine, tukarudishwa kwenye wazo la mwanzo.

Hayo yote yanatuhusu nini sisi waandishi? Piga hesabu. Hadithi ya maneno 700 ni kama kilobaiti 5 tu. Picha moja ya megabaiti 3 ni sawa na hadithi 600 za namna hiyo. Msomaji wa Kihesa, Iringa, aliyeunga bando la mia tano, ukimtwisha picha hizo kabla ya sentensi ya kwanza, umemfanya semitrela kwenye mlima Kitonga. Ataishia njiani, na hadithi yako hataijua.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Hadithi moja, ukurasa mmoja. Juu kabisa viungo vinne: Mwanzo, Hadithi, Mashairi, Waandishi, na chini virudi tena, ili msomaji asipande mlima upya. Maneno yatangulie. Kila picha iwe na maelezo yake, kwa asiyeiona. Kisha naazima simu za washikaji, mbovu na nzima, nafungua ukurasa kwa kila moja.

Na faili hizo nakala yake ninayo kwangu. Wangapi waliweka kazi zao GeoCities, iliyoanza mwaka 1994? Oktoba 2009 wenyewe Yahoo waliifunga, na asiyekuwa na nakala alibaki mikono mitupu. Lakini ukurasa wa kwanza wa Berners-Lee, ambao CERN iliurudisha kwenye anwani yake mwaka 2013, unafunguka mpaka leo. Utafute kwa simu ndogo kuliko zote mtaani kwako, uone maneno yanavyojipanga yenyewe. Halafu kwa simu hiyohiyo, fungua wa kwako.