Moyo hauna "restart": historia ya kubadilisha vali mara ya pili

Leo naweka kompyuta kando kidogo. Sisi waandishi wa programu tuna bahati: tukikosea, tunatoa toleo jipya usiku na mteja hata haamki. Je, kifaa chenye kasoro kikiwa ndani ya moyo wa mtu?

Mwaka 1952 daktari Charles Hufnagel wa Washington alimwekea mgonjwa vali ya plastiki yenye kijipira ndani ya aota, lakini chini kidogo, mbali na moyo. Mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu ilikuwa bado haijafaulu kwa binadamu. Mwaka 1960 Dwight Harken wa Boston ndiye aliyeiweka vali mahali pake hasa, aota inapoanzia. Mwaka huohuo daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, kule Oregon, walileta vali yao ya kijipira ndani ya kizimba.

Kisha hitilafu ikajitokeza. Kwa baadhi ya wagonjwa wa vali za aota, kijipira cha silikoni kilifyonza mafuta ya damu, kikavimba, kikapasuka. Watengenezaji wakabadilisha namna ya kuandaa silikoni, na vali mpya zikawa imara. Lakini zile zilizokwisha kuwekwa? Dawa ilikuwa moja: kufungua kifua tena.

Na mara ya pili si kama ya kwanza. Makovu huugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua, na msumeno unaweza kuupasua kabla upasuaji wenyewe haujaanza.

Vali za tishu za nguruwe na ng'ombe zilipunguza haja ya dawa za kuzuia damu kuganda, ila nazo huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na upesi zaidi kwa vijana.

Mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alipitisha vali ndani ya mshipa wa damu bila kupasua kifua. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuingiza vali mpya ndani ya vali ya tishu iliyochakaa. Hata hivyo, kila vali ya ndani hupunguza nafasi ya damu kupita, na si kila mgonjwa anafaa.

Ndiyo maana leo daktari anapochagua vali ya kwanza, hufikiria pia ya pili. Nasi tunaoandika programu tungeiga hilo: kabla hujaweka kitu, jiulize kitatolewaje.

Haya, tuonane wiki ijayo.