Mashine Iliyozaliwa kwa Kuzihurumia Sahani

Katika mwaka 1893, mji wa Chicago ulipofanya maonyesho yake makubwa ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus alipofika Marekani, miongoni mwa maajabu yaliyokusanywa humo palikuwa na mtambo mmoja ambao, zaidi ya kuonyeshwa hadharani pamoja na mitambo mingine, ulikuwa pia ukifanya kazi majikoni, mbali na macho ya watu, ukiosha sahani za migahawa iliyowalisha wageni wa maonyesho hayo. Waamuzi waliutunukia tuzo, na katika sifa walizozitaja, pamoja na ufundi wa kuundwa kwake na kufaa kwake kwa kazi yake, waliitaja sifa ya kudumu. Nalishika neno hilo mapema kwa kuwa hata leo mtu aingiapo dukani kutafuta mashine ya kuoshea vyombo huwa na maswali mawili moyoni: je, itadumu, na je, haitatupigia kelele usiku? Swali la kwanza limekuwapo tangu kuzaliwa kwa mtambo huu. La pili lilikawia zaidi ya nusu karne kabla ya kupata jibu la kuridhisha, na kisa cha kukawia huko ndicho kilichonishawishi kuandika.

Aliyeubuni mtambo huo alikuwa bibi mmoja wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois, jina lake Josephine Cochrane, aliyezaliwa mwaka 1839. Alikuwa mwenye nyumba kubwa na mwenye kupenda kukaribisha wageni, na katika kabati zake mlikuwa na vyombo vya kaure vya urithi ambavyo kila baada ya karamu vilirudi kutoka jikoni vikiwa vimemeguka kingo kwa kugongana mikononi mwa watumishi. Alijaribu kuviosha mwenyewe, akachoka. Ndipo lilipomjia wazo la mashine. Basi asili ya mtambo huu haikuwa uvivu, kama wengi wanavyodhani, bali huruma kwa sahani, na mimi naona kwamba kila mashine njema iliyoundwa baadaye imebeba chembe ya huruma ile.

Kwa hakika hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1850 Mmarekani Joel Houghton alipata hataza ya chombo cha mbao chenye mpini wa kuzungushwa kwa mkono, kilichorushia vyombo maji bila ya kuvitakasa. Bibi Cochrane alianza mahali pengine kabisa: alianza na kipimo. Alivipima vyombo vyake, sahani, vikombe na visahani, kisha akasokota waya kutengeneza vijumba vinavyolingana na kila kimoja, hata sahani isimame mahali pake bila ya kumgusa jirani yake. Vijumba hivyo vilipangwa juu ya gurudumu lililolazwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba, na gurudumu lilipozunguka, maji ya moto yenye sabuni yaliruka kwa nguvu kutoka chini na kuvipiga vyombo. Hapakuwa na brashi wala kitambaa. Kilichosafisha ni mshindo wa maji peke yake. Kanuni hiyo, ya kukitia chombo katika kizuizi kisichotikisika na kuyaachia maji kazi yote, haijabadilika hata leo.

Mumewe alifariki mwaka 1883, akamwachia madeni mengi kuliko mali, na jambo lililokuwa fikra ya mwanamke mwenye wasaa likawa ghafula njia ya riziki. Kwa msaada wa fundi mitambo aliyeitwa George Butters aliuunda mtambo wake katika kibanda cha nyuma ya nyumba, na tarehe 28 Desemba 1886 akapewa hataza yake. Wahandisi wanaume aliowaajiri, kwa mujibu wa maneno yake, hawakukubali kufanya atakavyo mpaka wajaribu kwanza kwa njia zao na kushindwa. Mteja wake wa mwanzo alikuwa hoteli ya Palmer House mjini Chicago, na baada yake akaiendea hoteli ya Sherman House, akavuka ukumbi wa mapokezi peke yake, bila ya mume wala baba ubavuni, jambo ambalo kwa mwanamke wa zama zile lilikuwa kama kuvuka bahari. Naye alikiri baadaye kwamba hatua zile zilikuwa karibu ngumu kuliko chochote alichopata kukifanya. Akatoka na oda mkononi.

Hoteli zilinunua, hospitali zikanunua, lakini nyumba za watu hazikununua, na sababu yake ni ya kuzingatiwa. Mashine ilihitaji maji ya moto mengi kuliko yaliyoweza kupatikana katika nyumba ya kawaida, na sabuni ya siku hizo, ikikutana na maji yenye chokaa, ilifanya utando mweupe ulioganda juu ya vyombo hata vikaonekana vichafu kuliko vilivyoingia. Bibi Cochrane alifariki mwaka 1913, kabla ya kuuona mtambo wake ukiingia katika majiko ya kina mama aliowakusudia.

Ulaya nayo haikulala. Mwaka 1924, Mwingereza William Livens, mhandisi ambaye katika vita kuu vya kwanza alikuwa amebuni silaha za kutisha za moto na gesi, aligeuza akili yake kwenye sahani, akabuni mashine ndogo ya nyumbani yenye mlango wa mbele, kikapu cha waya cha kupangia vyombo, na mkono unaozunguka kwa kurusha maji. Mtu wa leo akionyeshwa mchoro wake hatauliza ni kitu gani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1929, kampuni ya Miele ya Ujerumani ikatoa mashine ya kwanza ya umeme katika bara lile. Lakini mabomba ya maji ya moto yalikuwa bado machache, na bei ilikuwa ya matajiri, na vita vya pili vikasimamisha mengi.

Baada ya vita ndipo mambo yalipofunguka, na ufunguo ulikuwa kwanza wa kikemia kabla ya kuwa wa kiufundi. Sabuni maalumu zenye fosfati, ambazo huikamata chokaa ya maji isigande juu ya vyombo, zilienea, na mathalan sabuni ya Cascade iliingia madukani Marekani mwaka 1955. Wakati huohuo kampuni ya Hobart, iliyokuwa imeinunua mwaka 1926 kampuni iliyoanzishwa na Bibi Cochrane, ilitoa mwaka 1949 mashine ya nyumbani kwa jina la KitchenAid, na mashine hizo zikapata sifa ambayo mafundi wa Marekani huitaja mpaka sasa kwa heshima: mota nzito, chuma kinene kilichopakwa kaure, na vipuri vinavyofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Zilikaa majikoni miongo na miongo. Lakini zilinguruma. Katika nyingi za mashine za Kimarekani za enzi hizo, mota moja ilizunguka upande mmoja ili kuosha na upande wa pili ili kutoa maji machafu, na chini yake palikuwa na kisu cha kusagia mabaki ya chakula, hata mwenye nyumba alipokuwa sebuleni na wageni alilazimika kupandisha sauti ili asikike.

Njia ya kwenda kwenye ukimya ilipitia katika kukiacha kisu hicho. Watengenezaji, hasa wa Ulaya, waliweka mahali pake chujio la matundu madogo, linaloshika mabaki badala ya kuyasaga, ila kwa sharti kwamba mwenye mashine alitoe na kulisuuza mara kwa mara. Huu ni mkataba ambao wanunuzi wengi hawajasomewa: ukimya wa mashine mpya umenunuliwa kwa kazi ndogo ya mikono yetu, na anayelisahau chujio lake kwa miezi sita hana haki ya kulaumu pampu. Kisha zikaongezwa hila nyingine, pampu ya kuosha ikatenganishwa na pampu ya kutoa maji, mota zisizo na brashi za kaboni zikachukua nafasi ya zile za zamani, na karatasi nzito za lami zikabandikwa nje ya tumbo la chuma cha pua ili kulizuia bati lisitetemeke kama ngozi ya ngoma. Na hapa ndipo ninapoona siri ambayo matangazo huificha kwa kuzitaja sifa hizi mbili, ukimya na kudumu, mbalimbali, kana kwamba hazihusiani: kile kinachoinyamazisha mashine, yaani mota isiyosuguana, uzito uliosawazishwa, na kutotetemeka, ndicho hichohicho kinachoirefusha umri, maana sauti kwa sehemu kubwa si kingine ila chuma kinachokula chuma.

Kelele yenyewe hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kina hadaa yake. Hakipandi kama sentimita za rula. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio la mwanadamu husikia sauti kama imekuwa maradufu, ilhali tofauti ya desibeli moja kwa kawaida hata haitambuliki. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi zaidi ili atoke 43 aende 42 ametupa fedha yake, lakini anayetoka 55 na kwenda 44 ameununua usingizi. Tangu Machi 2021 lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, inayobandikwa kwa lazima, huandika desibeli za mashine pamoja na daraja lake la kelele, na daraja la juu kabisa, A, ni la mashine zenye sauti chini ya desibeli 39, ambazo mtu anaweza kukaa karibu nazo asijue kama zinafanya kazi.

Sasa niseme jambo la pwani yetu, ambako mashine hizi ni haba majumbani lakini si haba hotelini. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika jiko la hoteli moja, mwenyeji wangu akiwa ameniruhusu kutazama, nikamkuta fundi amepiga magoti mbele ya mashine iliyokuwa inatoa bilauri zenye ukungu mweupe. Aliuchomoa mkono wa kurushia maji, akaninyooshea, akasema, “Tazama hapa, mzee, haya matundu.” Nilitazama. Tundu moja katika kila matatu lilikuwa limezibwa na kitu kigumu kama simenti, na fundi alikuwa akiyazibua moja baada ya jingine kwa waya mwembamba, akipuliza, akitazama upande wa pili kwa mwanga, kisha akiingia tundu jingine. Maji yao yalikuwa ya kisima, kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni chokaa; maji yakichemshwa ndani ya mashine, chokaa ile hurudi kuwa jiwe, na jiwe lile huzungukia kipashio cha joto mpaka kiungue. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imenyimwa chumvi yake.

Nasema chumvi kwa maana halisi. Mashine nyingi za Ulaya zina chumba kidogo kinachobadilisha chokaa ya maji kwa sodiamu, na chumba hicho hufufuliwa kwa chumvi ya punje kubwa inayomiminwa chini ya mashine. Nyingi za soko la Marekani hazina chumba hicho. Mkaazi wa Mombasa, Lamu au Unguja anayetumia maji ya kisima, akipewa hiari ya mashine mbili, na aichukue yenye chumba cha chumvi hata kama ile nyingine ni nyamavu zaidi, na haja hiyo imezidi tangu fosfati ilipowekewa mipaka mikali katika sabuni hizi, huko Ulaya mwaka 2017, kwa ajili ya madhara yake katika mito na maziwa.

Limebaki suala la umri, na hapa kuna huzuni kidogo. Mashine ya zamani iliongozwa na saa ya kuzungusha iliyokuwa na meno ya chuma. Ikifa, fundi aliifungua. Ya leo inaongozwa na bodi ya kielektroniki, na bodi ikilowa au ikapigwa na umeme unaopanda na kushuka, kama tuujuavyo, aghalabu huambiwa ununue mashine mpya, ingawa pampu, mota na tumbo la chuma vyote ni vizima. Dhidi ya mwenendo huu sheria za Ulaya za 2021 zimechukua hatua ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: mtengenezaji analazimika kuendelea kuwapatia mafundi vipuri vikuu, kama mota, pampu na vipashio vya joto, kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya kuuza mashine ya mwisho ya aina ile, na vipuri vyepesi kama mpira wa mlango, bawaba, mikono ya kurushia maji, machujio na vikapu vya waya kwa miaka 10.

Sheria hiyo haina nguvu katika maduka ya Kariakoo wala ya Biashara Street, lakini swali lake laweza kuulizwa popote. Kabla ya kuuliza bei, muombe muuzaji akuonyeshe pampu ya kutoa maji ya mashine ileile unayoitaka, ikiwa kipuri, dukani mwake au kwa wakala wake, na umwombe namba ya fundi aliyewahi kuibadilisha. Ufungue mlango na kuuachia nusu ya njia uone kama unakaa au unaanguka, maana bawaba dhaifu hujisema mapema. Utie mkono ndani, uguse kama ni chuma cha pua mpaka chini au ni plastiki iliyofichwa mahali maji ya moto yanapotuama. Halafu kivute kikapu cha waya cha juu mpaka mwisho, kikiwa na sahani ikiwezekana, utazame kama kila sahani inasimama peke yake, isimguse jirani yake.