Kocha, Kungwi au Somo? Historia ya Istilahi Inayotafutwa

Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia wenzake mjini London kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujitawala, ambao baadhi yao hawakuweza kushika jambo moja kwa muda. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliipa hali ya namna hiyo jina linalotaja upungufu wa uzingativu, na mwaka 1987 wakaliongezea kutotulia kupita kiasi. Miaka ya 1990 ikaenea huko kazi mpya: mtu wa kumsaidia mwenye hali hiyo, mtoto au mtu mzima, apange siku yake, aanze shughuli na kuimaliza. Mtu huyo tumwiteje?

Kwanza tuseme neno juu ya hali yenyewe. Mtafsiri akiiita "utukutu" amekwisha kumhukumu mtoto, na mwalimu asomaye waraka huo atatafuta fimbo. Kwa hiyo twapendelea "upungufu wa uzingativu na kutotulia", ijapokuwa ni maneno marefu.

Kwa Kiingereza msaidizi huyu ameazimwa jina la mwalimu wa michezo, ndiyo maana wengi huandika "kocha". Uwanjani hatuna ugomvi na neno hilo. Lakini kocha hupanga timu, na asiyemridhisha hukaa benchi. "Mnasihi" nalo ni neno jema. Ushauri nasaha ulienea sana nchini wakati wa mapambano dhidi ya UKIMWI. Hata hivyo mwenye hali hii hakukosa nasaha. Anajua fika kwamba fomu yatakiwa Ijumaa. Shida yake imo kati ya kujua na kutenda.

Hapo ndipo tunapoikumbuka milima ya Uluguru. Waluguru, kama jirani zao Wazaramo na Wakwere, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mafunzo ya mwali yalikuwa jambo kubwa kwao. Binti aliwekwa ndani miezi mingi chini ya mwanamke mzima aliyemfunda. Hakuambiwa tu namna ya kulea. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, amwogeshe, ampake mafuta, amtunze nywele, leo na kesho na kesho kutwa. Kazi ndogo, inayorudiwa, na mtu wa kuitazama: hayo hayo hufanywa na msaidizi wa siku hizi kwa daftari na saa. Hatudai kwamba wazee walikuwa wakiishughulikia hali tunayoizungumza. Kwa binti asiyetulia, kuwekwa ndani huenda kulikuwa mateso. Tunachosema ni kwamba lugha zetu zilikwisha kutenganisha kumwambia mtu na kumfunda.

Basi tuseme "kungwi"? Tunasita. Neno limefungamana na unyago na ndoa, na karani mwanamume wa miaka arobaini hatakubali kuandikiwa kwamba ana kungwi.

Limebaki "somo". Ni neno la pwani, lakini Morogoro, mji wa njia ya misafara ambako Stanley aliukuta mji wa Kisabengo, Simbamwene, mwaka 1871, umezoea maneno ya pwani tangu zamani. Somo ni mfundaji wa binti na msiri wake hata baada ya mafunzo. Vilevile ni rafiki au mwenye jina moja nawe, mume kwa mke. Halina fimbo wala benchi. Atakayehofu kulichanganya na somo la darasani aangalie upatanisho wa kisarufi: "somo yake amefika", lakini "somo lake limeahirishwa".

Wingi ndio unaotusumbua. "Masomo zao wamefika" ni sarufi sahihi, lakini sikio bado linakataa. Walimu watakaolijaribu neno hili katika barua na taarifa zao watuandikie walivyoona.