Maneno Yenye Harufu ya Sufu

Ukifungua daftari la ndoa la parokia ya Uingereza la miaka ya 1840, utakuta safu zimepangwa moja baada ya nyingine: jina, umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, kisha jina la baba na kazi ya baba. Madaftari ya mtindo huo yalianza Julai 1837. Bwana harusi ameandikwa seremala, mkulima au mchimba makaa. Kwa bibi harusi, safu ya kazi mara nyingi ni tupu. Lakini kwenye safu ya hali ya ndoa karani ameandika neno moja: spinster. Hapo lina maana ya mwanamke ambaye hajapata kuolewa. Kwa asili yake maana ni msokota uzi. Karani alimwandikia kazi bila kujua, tena katika safu isiyo ya kazi.

Kiingereza kimejaa maneno ya namna hii, na mengi yake yametoka mgongoni mwa kondoo. Si ajabu, maana kwa karne nyingi sufu ndiyo iliyokuwa karafuu ya Uingereza. Bunge lilifika mahali pa kuwafuata hata maiti. Kwa sheria zilizoanza mwaka 1666, marehemu ilibidi avishwe sanda ya sufu, na familia iliyokaidi ikatozwa pauni 5. Baadaye ikaamriwa kwamba nusu ya faini apewe mtoa taarifa. Basi wenye uwezo waliotaka sanda ya kitani walimtuma ndugu yao akawashtaki, na nusu ya pesa ikarudi nyumbani.

Nguo ikitoka kwa mfumaji ilikuwa bado haifai kuvaliwa. Ilikuwa legevu, ina mafuta ya kondoo, na uzi haujashikana na uzi mwenzake. Ikatumbukizwa kwenye birika lenye maji na mkojo uliovunda, kwa kuwa mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia hukata mafuta. Halafu watu wakakunja nguo zao magotini, wakaingia birikani na kukanyaga, kukanyaga, kukanyaga, mpaka sufu ikashikamana na kuwa nzito. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuwapokea kazi hiyo, lakini jina la kazi lilikuwa limekwisha kuwaganda watu. Kaskazini mkanyagaji aliitwa Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker. Ile W iliyo katikati ya jina la George W. Bush ni Walker. Rais wa Marekani alibeba jina la mtu anayekanyaga nguo kwenye mkojo, na hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Kazi haikuishia hapo. Nguo iliyokanyagwa na kusuuzwa ikiachwa ikauke yenyewe huruda na kujikunja, kwa hiyo ilipelekwa uwanjani. Huko zilisimama fremu ndefu za mbao zilizoitwa tenter, zikifuatana kama uzio, zimepigiliwa misumari iliyopindwa juu na chini. Pindo la juu lilinaswa kwenye kulabu za juu, pindo la chini kwenye kulabu za chini, mti wa chini ukashushwa, na nguo ikawambwa kama ngozi ya ngoma. Mwingereza anayesubiri matokeo ya mtihani roho ikiwa juu husema yuko "on tenterhooks", yaani amewambwa kwenye kulabu hizo. Wengine siku hizi husema "tender hooks", kana kwamba ni kulabu laini! Hawana kosa, fremu zenyewe hawajapata kuziona. Karibu na Spitalfields jijini London bado upo mtaa uitwao Tenter Ground. Mji wa Tenterden huko Kent, hata hivyo, usikudanganye: jina lake linatokana na malisho ya nguruwe wa watu wa Thanet, wala halihusiani na nguo.

Turudi kwa yule bibi harusi. Mfumaji mmoja alihitaji uzi wa wanawake kadhaa ili mtambo wake usilale, ndiyo maana kusokota kulienea katika nyumba nyingi za maskini. Tamati -ster katika Kiingereza cha kale ilikuwa ya kike: Webster mfumaji, Brewster mpika pombe, Baxter mwoka mikate. Baadaye wanaume nao wakaitwa hivyo, majina yakapanda daraja yakawa ya ukoo, na Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Marekani mwaka 1828, kwa jina ni mfumaji. Spinster halikupanda. Lilibaki kwa wanawake, na kufikia karne ya 17 makarani na mahakama walikuwa wakilitumia kumtambulisha mwanamke asiye na mume, awe anasokota au hasokoti.

Miaka ya 1760 James Hargreaves wa Lancashire akabuni mashine ya kusokota nyuzi 8 kwa mpigo. Mwaka 1768 watu wenye hasira waliingia wakazivunja mashine zake, naye akahamia Nottingham. Hasira haikusaidia kitu. Kazi ya mkono ikafa, neno likabaki bila kazi, na mwishowe likawa kejeli kwa mwanamke anayedhaniwa amepitwa na wachumba. Hapa lugha haikutenda haki. Waliokanyaga mkojo walipata jina la ukoo, waliosokota uzi wa kulivisha taifa wakaachiwa dharau.

Neno jingine lililoporomoka ni shoddy. Mwaka 1813 huko Batley, Yorkshire, Benjamin Law alipata njia ya kuchana matambara ya sufu mpaka yakarudi kuwa nyuzinyuzi, kuyachanganya na sufu mpya na kuyasokota upya. Nguo hiyo ndiyo iliyoitwa shoddy. Batley na jirani yake Dewsbury wakatajirika kwa marobota ya matambara kutoka nchi nyingi za Ulaya. Msomaji aliyewahi kuchambua nguo katika masoko ya Karume au Gikomba ataielewa biashara hiyo bila mkalimani, ila wale wa Batley mitumba yao waliisaga kwanza. Na hilo neno mitumba nalo limehama: mtumba ni robota, leo tunaivaa nguo kwa jina la furushi lililoileta.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwaka 1861. Wafanyabiashara wenye tamaa wakaliuzia jeshi la Kaskazini sare za shoddy mbovu, nazo zikapukutika mwilini mwa askari. Tangu hapo neno hilo likawa na maana ya kazi ya kulipua, kitu cha ovyo kilichopakwa rangi. Ufundi wa Batley wa kuokoa tambara lisitupwe, ambao leo ungepewa tuzo ya mazingira, umebaki kuwa tusi la fundi mbaya.

Spinster limepata mwisho mwingine. Desemba 2005, sheria ya ushirika wa kiraia, yaani ya kusajili wenzi wa jinsia moja, ilipoanza kutumika, wasajili wa Uingereza na Wales waliacha kuliandika kwenye madaftari ya ndoa. Mwanamke na mwanamume wasiopata kuoa au kuolewa sasa wote huandikwa single. Na tangu Mei 2021 kumbukumbu ya ndoa ina nafasi ya jina la mama wa kila mwanandoa, pamoja na kazi yake.