Korongo Kuu la Mto Colorado

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwachukua wasikilizaji hata Marekani, katika jimbo la Arizona, tukalitazame korongo ambalo watu wa huko huliita Korongo Kuu. Mto Colorado wapita chini yake. Urefu wake ni maili 277, upana wake mahali pengine wafika maili 18, na kina chake chapita futi 6,000, yaani zaidi ya maili moja kwenda chini.

Mtu apitaye juu yake kwa eropleni huona kwanza nchi tambarare yenye misonobari. Kisha ghafula ardhi hukatika. Kuta zimepangana ngazi kwa ngazi, nyeupe, nyekundu na kahawia, na chini kabisa mto waonekana kama uzi. Lakini kutazama toka juu hudanganya. Mwaka 1540 askari wa Kihispania, wakiongozwa na Wahopi, wenyeji wa nchi ile, walisimama ukingoni wakadhani upana wa mto ni futi 6 tu. Watatu wakajaribu kushuka. Walipofika theluthi ya njia walishindwa, wakarudi wakisema kwamba mawe waliyodhani ni kimo cha mtu yalikuwa marefu kuliko mnara mkubwa wa mji wa Sevilla.

Kwa hiyo mjuzi wa miamba hana budi kushuka kwa miguu. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa John Newberry, mwaka 1858. Alitambua kwamba korongo lile si ufa uliopasuliwa na tetemeko la nchi, bali ni kazi ya maji.

Kila hatua ya kushuka ni hatua ya kurudi zamani. Ukingoni pana jiwe la chokaa lenye mabaki ya viumbe vya baharini, lenye umri wa miaka milioni 270, ingawa leo mahali pale pako futi 7,000 juu ya bahari. Chini yake kuna mchanga wa jangwa uliogeuka kuwa jiwe, kisha tope, kisha chokaa tena. Mwisho kabisa, kando ya mto, kuna miamba myeusi yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 1,700. Mto wenyewe ni kijana mbele ya miamba hiyo: wataalamu wengi wakadiria kwamba sehemu kubwa ya korongo imechimbwa katika miaka milioni 5 au 6.

Aliyetaka kuyajua haya kwa kupita toka mwanzo hata mwisho alikuwa John Wesley Powell, mwalimu wa elimu ya miamba, aliyepoteza mkono wake wa kuume vitani mwaka 1862. Tarehe 24 Mei 1869 aliondoka na watu 9 katika mashua 4. Kabla hawajafika korongoni, mashua moja ilivunjika maweni pamoja na vyakula vingi, na mtu mmoja akawaacha. Hata hivyo, Powell aliendelea kupanda magenge kwa mkono mmoja, akipima vimo na kuchunguza matabaka.

Mwishoni mwa Agosti walikuwa wamebakiwa na unga kidogo, na mbele yao palikuwa na maporomoko ya kutisha. Watu watatu walisema, “Tusiendelee.” Usiku ule Powell hakulala, akiwaza iliyo njia salama. Asubuhi ya tarehe 28 wale watatu waliagana na wenzao, wakapanda kutoka korongoni. Hawakuonekana tena. Waliobaki wakayapita maporomoko salama, na siku iliyofuata, tarehe 29, wakatoka mwisho wa korongo. Tusiwacheke wale watatu. Hapana aliyejua siku ile kwamba safari imebakiwa na siku mbili.

Eropleni zilipokuja zilirahisisha kazi ya kuchora ramani, wala hatari haikwisha. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya korongo, watu 128 wakafa. Msiba huo ulichochea sheria ya mwaka 1958 iliyoweka mamlaka moja ya kuongoza ndege za Marekani.

Basi, eropleni yaonyesha umbo la nchi, na miguu yaonyesha umri wake. Mjuzi huhitaji vyote viwili. Nanyi wanafunzi, mvua ikiisha nendeni penye ukingo wa kijito cha kwenu uliokatwa na maji. Hesabuni matabaka ya udongo: pasipopinduliwa, la chini ndilo la kale. Kijito chenu kinafanya kazi ile ile ya Mto Colorado. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba huchimba korongo.