Bwawa la starehe na watu wa bondeni: yaliyotokea Johnstown na Solai



Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye lambo la ng'ombe aliniita kwake. Anataka kuligeuza mahali pa kupumzikia: apande perege, aweke viti chini ya miti, mtumbwi wa kutembeza wageni sikukuu, na kibanda cha soda na nyama choma. Wazo ni zuri, kipato kinatakiwa. Kisha akasema, "Bwana shamba, pale maji yanapotokea nitaweka wavu samaki wasikimbie. Na hili tuta nitalikata kidogo juu ili gari lipite vizuri."

Nilimwomba tukae kwanza, nikamsimulia habari ya bwawa moja la Marekani. Hayo mawili aliyoyataja ndiyo yaliyofanyika huko, na watu wakafa kwa maelfu. Leo nawasimulia na ninyi.

Bwawa hilo ni South Fork, katika jimbo la Pennsylvania. Serikali ya jimbo ililijenga kwa udongo na mawe ili kupeleka maji kwenye mfereji wa mashua, likakamilika mwaka 1853. Muda si mrefu reli ikachukua kazi ya mfereji na bwawa likauzwa. Mwaka 1862 tuta lilibomoka sehemu, lakini maji yalikuwa machache na madhara hayakuwa makubwa. Mtu aliyelinunua mwaka 1875 aling'oa mabomba ya chuma yaliyopita chini ya tuta, yale ya kupunguzia maji, yakauzwa kama chuma chakavu.

Mwaka 1879 likachukuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh. Walitaka mahali pa kuvua samaki na kuendesha mashua wakati wa joto. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alikuwa mwanachama. Pengo la tuta wakaliziba kwa udongo, mawe, matawi ya miti, nyasi na samadi. Mabomba hawakuyarudisha. Wakashusha kimo cha tuta ili magari ya farasi yapishane juu yake. Kwenye utoro wa maji wakaweka wavu wa chuma kuzuia samaki.

Chini ya bonde, umbali wa kilomita 22 hivi, ulikuwepo mji wa Johnstown. Mwaka 1880 mkuu wa kiwanda cha chuma cha mji huo alimtuma mtaalamu akalikague bwawa. Taarifa yake ilisema matengenezo ni mabovu na hakuna njia ya kupunguza maji. Klabu ikajibu kwamba hakuna hatari.

Miaka tisa ikapita salama. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilijaza ziwa. Magogo na takataka zikaziba ule wavu wa samaki. Wafanyakazi wakahangaika kuusafisha na kuchimba utoro mwingine, lakini walikuwa wamechelewa. Maji yakapita juu ya tuta, yakalila, na alasiri likaondoka lote. Ujumbe wa telegrafu ulikuwa umetumwa bondeni, lakini watu walishazoea kusikia kila masika kwamba bwawa litapasuka, na wengi hawakujali. Baada ya saa moja hivi maji yalifika Johnstown. Walikufa watu 2,209. Waliofungua kesi dhidi ya klabu hawakupata kitu mahakamani.

Ndugu msomaji, usiseme hayo ni ya zamani na ya mbali. Solai, Kaunti ya Nakuru, ni jirani zetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua, bwawa la udongo la shamba binafsi, linalojulikana kama bwawa la Patel, lilipasuka. Maji yaliteremka kwenye makazi ya wakulima wadogo na vibarua. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wakiwa majumbani mwao. Mamlaka ya maji ya Kenya ilieleza kwamba bwawa halikuwa na kibali. Kesi ya kuua bila kukusudia ilifunguliwa mwaka huohuo, ikavutana mahakamani kwa miaka.

Halafu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, hukohuko Kenya, maji yaliua watu zaidi ya 40. Hapo hapakuwa na bwawa lililojengwa. Njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani iliziba kwa tope na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakapasua.

Mambo haya yana mzizi mmoja. Tuta la udongo hustahimili maji yaliyotulia upande mmoja. Halistahimili maji yanayopita juu yake, wala yanayopenya katikati yake yakibeba udongo. Kwa hiyo utoro ndio uhai wa bwawa. Na mara nyingi utoro hauharibiwi na mvua. Tunauharibu sisi wenyewe wakati wa kiangazi, kwa uamuzi mdogo wenye faida ndogo: samaki wachache, njia ya gari, bomba la kuuza. Mvua huja baadaye kukusanya deni, na kwa kawaida anayelipa ni mtu wa bondeni ambaye hakuulizwa.

Wengine husema lambo letu ni dogo. Tupige hesabu. Lambo la urefu wa mita 50, upana mita 40 na kina cha wastani mita 2 lina mita za ujazo 4,000. Hizo ni tani 4,000, sawa na Fuso 400 zilizobeba tani 10 kila moja, zikiteremka kwa pamoja. Sisi wa Hanang tunajua maji na tope vinaweza nini. Tarehe 3 Disemba 2023 Katesh na vijiji jirani walipoteza watu zaidi ya 80. Ule ulikuwa mlima uliomeguka, hakuna aliyeujenga. Lambo tunalijenga kwa mikono yetu, basi tunaweza kulilinda.

Kama una lambo, fanya haya kabla ya masika:

1. Acha utoro wazi. Usiweke wavu, magogo wala mifuko ya mchanga ili kuongeza maji. Ukitaka samaki, chimba bwawa lao dogo pembeni. Utoro uwe kwenye ardhi ngumu ya asili, siyo juu ya tuta.

2. Usishushe tuta. Kwa lambo dogo, juu ya tuta pawe angalau mita 1 zaidi ya usawa wa utoro. Katikati pakititia, jaza udongo wa mfinyanzi na ushindilie kwa tabaka. Samadi na matawi huoza na kuacha njia ya maji.

3. Panda nyasi kwenye tuta, siyo miti. Ziba mashimo ya panya na mchwa. Ng'ombe wanywe kwenye birika la kunyweshea pembeni, wasikanyage tuta.

4. Kagua upande wa chini kila wiki, na kila siku wakati wa mvua. Unyevu mdogo wa maji meupe, uangalie. Maji yakitoka na tope, hamisha watu kwanza, kisha toa taarifa.

5. Pata kibali. Mabwawa yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwetu anzia Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, Singida, au uje ofisini nikuelekeze.

6. Hesabu nyumba zilizo chini yako, na mkubaliane ishara ya hatari. Nawe unayekaa bondeni, una haki ya kuuliza juu ya tuta lililo juu yako. Siyo uchokozi.

Yule mzee alikaa kimya, kisha akanionyesha kwa fimbo: nyumba nne, na njia ya watoto wa shule. Akasema wavu hataweka. Gari litaegeshwa barabarani, wageni watembee. Kibanda cha soda kitabaki, ila upande wa juu.

Kazi njema, tuonane shambani.